Q isiyo na U: Mchezo wa maneno uliotukumbusha thamani ya qaf

Jumamosi moja baada ya swala ya adhuhuri, katika darasa la pili la madrasa ya msikiti wetu, binti wa kidato cha kwanza aliutazama ubao wa mchezo kwa muda mrefu hata wenzake watatu wakaanza kuguna. Mbele yake vilikuwapo vigae saba vya herufi, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa kimembana. Kilikuwa ni herufi Q. Shuleni alikwishafundishwa kwamba katika Kiingereza Q haitembei bila U, na U hakuwa nayo. "Ustadhi," akaniambia, "hii siwezi kuitumia. Naomba niirudishe mfukoni."

Nikamwuliza asubuhi alikuwa akisoma nini. Akajibu kuwa alikuwa akirudia Sura ya Qaf. Nikamwambia: "Basi hiyo qaf uliyokuwa ukiitoa kwenye shina la ulimi, Waingereza wakitaka kuiandika wataiandika kwa herufi gani?" Alinyamaza. Akautazama ubao, ambapo palikuwa na A iliyoachwa wazi juu na chini. Akaweka W juu yake, kisha Q na F chini yake. Likatokea neno WAQF, lenye alama 19 kabla ya nyongeza za ubao.

Wenzake walikimbilia kamusi, nalo neno lilikuwamo. Yeye hakuitazama kamusi. Aliinua macho akaniuliza: "Ustadhi, hili ndilo lile neno la mlangoni?" Ndilo. Juu ya mlango wa madrasa yetu yameandikwa maneno "Mali ya Wakfu", na binti huyo alikuwa amepita chini yake tangu akiwa na umri wa miaka sita.

Ndugu msomaji, tukio hilo dogo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Wengi wetu tunadhani kwamba elimu ya madrasa na Kiingereza cha shule ni sahani mbili za mizani, ikipanda moja ya pili hushuka. Nami nilikuwa miongoni mwa wenye dhana hiyo.

Daftari la mahudhurio

Miezi michache kabla ya siku ile, baba wa binti huyo alinijia baada ya swala ya isha. "Katibu," alisema, "nakuomba radhi mapema. Mwanangu nitamtoa madrasa. Amemaliza darasa la saba akisoma kwa Kiswahili, na sasa kila somo limegeuka Kiingereza. Hashiki kitu. Jioni inabidi nimpeleke tuisheni."

Sikuwa na jibu la kumpa. Mimi nimesoma katika chuo cha Kiislamu. Nahau na sarufi ya Kiarabu nilizisoma kwa miaka, lakini siku niliyopewa fomu ya Kiingereza niijaze kwa niaba ya msikiti, niliichukua nyumbani nikamsubiri kijana wa jirani aje anisaidie. Aibu hiyo naijua. Ningewezaje kumwambia mzazi yule aiachie imkute na mwanawe?

Wala hakuwa wa kwanza. Daftari la mahudhurio hulitunza mimi, na kwa muhula baada ya muhula nilikuwa nikiona majina ya watoto wa sekondari yakipungua. Watoto wadogo walijaa mikekani, lakini waliofika kidato cha kwanza waliondoka mmoja mmoja, kila mmoja kwa sababu ile ile.

Ndipo nilipopeleka kwenye kamati pendekezo la kuwa na saa moja na nusu ya mchezo wa maneno kila Jumamosi, kwa watoto wa sekondari, baada ya darasa la Qur'an. Mjumbe mmoja mkongwe, ambaye namheshimu kama baba, hakulipenda. "Mwanangu," alisema, "leo mmeleta herufi, kesho mtaleta karata." Hofu yake ilikuwa na msingi. Kamari imeharamishwa kwa nassi iliyo wazi katika Sura ya Al-Maida, na michezo mingi iliyoanza kwa kuburudika imeishia kwenye dau. Imamu wetu alimsikiliza, kisha akaweka masharti. Pasiwe na dau la aina yoyote, hata la soda. Adhana ikisikika vigae vifunikwe hapo hapo. Pasiwe na kejeli kwa anayeshindwa. Na sharti la nne, ambalo mwanzoni tulilichukulia kuwa jepesi, ni kwamba asiyejua maana ya neno alilopanga hahesabiwi alama zake mpaka ailete.

Msanifu majengo aliyehesabu herufi

Mchezo tunaoutumia ni Scrabble, ambao baadhi ya wasomaji wameuona kwenye shule na majumbani. Aliyeubuni ni Alfred Mosher Butts, Mmarekani aliyekuwa msanifu wa majengo na aliyepoteza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1930 uchumi wa nchi yake ulipoanguka. Akiwa hana kazi, alikaa akahesabu ni mara ngapi kila herufi inajitokeza katika kurasa za magazeti ya Kiingereza. Kwa hesabu hiyo alipanga idadi ya vigae na alama zake. Jina la Scrabble lilikuja mwaka 1948, pale James Brunot alipochukua jukumu la kuutengeneza na kuuuza.

Ubao una miraba 15 kwa 15 na mfuko una vigae 100. Herufi E ina vigae 12, kwa kuwa Kiingereza hakiwezi kupumua bila hiyo, na thamani yake ni alama moja tu. A na I zina vigae tisa kila moja, na O ina vinane. Herufi J, K, Q, X na Z zina kigae kimoja kimoja. Q na Z zina alama 10, J na X zina alama nane, na K ina tano. Vigae viwili ni vitupu na vinaweza kusimama mahali pa herufi yoyote. Mchezaji hushika vigae saba kwa wakati mmoja, na akivipanga vyote kwa zamu moja hupata nyongeza ya alama 50.

Hesabu hii ya Butts ilinishangaza nilipoisoma, kwa sababu niliwahi kukutana na kitu kinachofanana nayo katika historia ya wanachuoni wetu. Zaidi ya miaka 1,000 kabla yake, mwanafalsafa Al-Kindi, aliyeishi Baghdad na kufariki karibu mwaka 873, aliandika risala ya namna ya kusoma barua za siri. Njia yake ilikuwa ni kuhesabu herufi zinazojirudia zaidi katika lugha, kisha kuzilinganisha na alama zinazojirudia zaidi katika barua ile. Risala hiyo ndiyo maelezo ya kale zaidi yanayojulikana ya elimu hiyo.

Mzazi anaweza kuifanya hesabu hii na mwanawe leo hii bila gharama yoyote. Chukueni aya moja ya makala haya mhesabu herufi zake. Mtaona A inaziacha nyingine mbali. Kisha mfanye hivyo kwa aya ya kitabu cha Kiingereza cha shule, na mara nyingi mtaikuta E mbele. Mtoto atakuwa amejifunza kwamba kila lugha ina tabia yake, na kwamba neno hutafutwa kwa kuifuata tabia hiyo.

Mizizi ya Al-Khalil

Baada ya kuhesabu herufi linafuata swali la mchezaji. Nikishika herufi hizi, ni maneno gani yaliyomo ndani yake?

Swali hili pia lina mwenyewe wa zamani. Al-Khalil bin Ahmad Al-Farahidi, mzaliwa wa Oman aliyeishi Basra katika karne ya pili Hijria, ndiye aliyeasisi kamusi ya kwanza ya Kiarabu, Kitab al-Ayn. Hakukaa kusubiri maneno yamjie kichwani. Alichukua herufi za mzizi akazigeuza kwa kila mpangilio unaowezekana. Mzizi wa herufi mbili una mipangilio miwili, wa herufi tatu una sita, wa herufi nne una 24, na wa tano una 120. Kisha akaupima kila mpangilio, kama Waarabu wanautumia au wameuacha.

Mfano ulio karibu nasi ni herufi qaf, lam na ba. Ukizipanga hivyo unapata qalb, yaani moyo. Ukiitanguliza ba mbele ya lam unapata qabl, ambalo kwetu ni "kabla". Ukianza na lam, kisha qaf na ba, unapata laqab, ambalo kwetu ni "lakabu". Na ukianza na ba, qaf na lam, unapata baql, yaani mboga. Mtoto wa Kiswahili anayo mawili kati ya hayo mdomoni mwake bila ya kujua kwamba yametoka kwenye herufi zile zile.

Kiingereza nacho hukubali kugeuzwa. Chukua A, E na T. Zina mipangilio sita, na ndani yake mna EAT, kula, ATE, alikula, na TEA, chai. Lakini herufi zikiwa saba, na zote zikiwa tofauti, mipangilio hufika 5,040, na hakuna atakayeimaliza yote akiwa amekaa mkekani. Hapo ndipo mbinu inapohitajika.

Wanachuoni wa baadaye waliona tatizo jingine ambalo wachezaji wa leo wanalijua vizuri. Kamusi iliyopangwa kwa herufi ya mwanzo haimsaidii anayetafuta neno kwa herufi ya mwisho. Al-Jawhari, kisha Ibn Mandhur katika Lisan al-Arab, wakayapanga maneno kwa herufi ya mwisho ya mzizi. Al-Firuzabadi alifuata utaratibu huo huo katika kitabu chake Al-Qamus al-Muhit, na kitabu hicho kilienea hata neno qamus, lililokuwa na maana ya bahari, likageuka kuwa jina la kila kitabu cha maneno. Kutoka hapo ndipo lilipokuja neno letu "kamusi". Hata jina la kitabu tunachokimbilia kuhakiki Q, asili yake linaanza na qaf.

Kiswahili kiliiacha, Kiingereza kikaishika

Turudi kwenye kigae cha binti yule. Kiarabu kina herufi mbili, kaf na qaf, na mwalimu yeyote wa tajwidi anajua ni saa ngapi hutumika kumtofautishia mtoto sauti hizo. Kiswahili kilipoyapokea maneno ya Kiarabu kilizikunja zote mbili ndani ya K. Ndiyo maana tunaandika kadhi, wakfu, talaka, kibla, fakiri na kasida. Q haimo katika alfabeti yetu, wala X haimo.

Kiingereza kilikwenda kwa njia mbili. Maneno ya Kiarabu yaliyoingia zamani yalipitia vinywa vya Wahispania, Waitalia na Wafaransa, na qaf yake ikapotea njiani. Qutn, yaani pamba, ikawa COTTON. Qahwa ikawa COFFEE. Lakini maneno yaliyoingia baadaye, hasa ya dini, sheria na maisha ya Waislamu, mara nyingi yaliandikwa na watu waliotaka kuonyesha herufi ya asili, nao wakaiwekea qaf herufi Q peke yake, bila U. Haya ndiyo yanayomwokoa mchezaji aliyebanwa.

Kadhi ni QADI. Wakfu ni WAQF. Fikihi ni FIQH. Talaka ni TALAQ. Kibla ni QIBLA. Fakiri ni FAQIR. Kasida ni QASIDA. Nikabu ni NIQAB, na burka ni BURQA. Kiongozi wa kabila au wa mji ni QAID. Mfereji wa maji unaochimbwa chini ya ardhi ni QANAT. Soko ni SUQ, nalo ndilo lililotuzalia "soko" letu. QAT ni mirungi, na siku neno hilo lilipopangwa tulipata nafasi ya kuwaeleza vijana kwa nini nchi yetu imeipiga marufuku. Neno fupi kuliko yote si la Kiarabu bali la Kichina. Ni QI, nguvu ya uhai katika tiba ya Wachina, na kila mchezaji hulihifadhi kwanza.

Aidha, Q si herufi pekee inayofunguka hivi. Ni nadra mno neno la Kiingereza kuishia na J, na machache yaliyopo yametoka Mashariki, kama vile HAJ na TAJ, yaani taji. J ya katikati utaipata katika HIJAB, na Z katika ZAKAT na AZAN. Kiswahili nacho kimechangia. KANZU lina alama 18, MZEE lina 15, na aliyebanwa na U nyingi anaweza kuzimaliza tatu kwa pamoja kwa neno UHURU. Yote haya yamo katika orodha ya Collins, inayotumika katika mashindano mengi nje ya Amerika Kaskazini. Kamusi ndogo za shule hukosa baadhi yake, kwa hiyo wachezaji wakubaliane juu ya kamusi kabla ya kuanza.

Ninayaeleza haya kwa wazazi kwa sababu moja. Mtoto anayejua kwamba kadhi, fikihi na wakfu kwa asili vina qaf, ilhali kitabu na katibu vina kaf, amebeba funguo ambazo mwenzake aliyesoma Kiingereza peke yake hanazo. Hatumdai aache kimoja ili apate kingine.

Namna ya kulitafuta neno

Hata hivyo, mchezo hauchezwi kwa Q peke yake, na mtoto hujifunza Kiingereza zaidi kwa herufi nyepesi. Tuliyoyaona yanasaidia ni haya.

Kwanza, mtoto atenge vipande vinavyozoeleka. Kiingereza hupenda kuanza na RE na UN, na kumalizia na ING, ED, ER na EST. Mwenye I, N na G aziweke pembeni kwa pamoja, kisha atazame vigae vinne vilivyobaki. Akiwa na P, L, A na Y, ameshapata PLAYING, vigae vyote saba. Hapo anajifunza sarufi bila ya kuambiwa kwamba anasoma sarufi.

Pili, asiache vigae vyake katika mstari mmoja. Avigeuze, avipange kwa duara, atenge irabu na konsonanti. Wachezaji wakubwa huzipanga herufi zao kwa mfuatano wa alfabeti na kukumbuka ni maneno gani yanatoka humo. Herufi A, E, I, N, R, S na T hutoa RETAINS, yaani hubakiza, NASTIER, yaani mbaya zaidi, na RETINAS, zile tando za ndani ya jicho.

Tatu, atazame neno lililoko ubaoni kama mti unaoweza kuongezewa tawi. AT ikiongezewa E mbele inakuwa EAT. EAT ikiongezewa H inakuwa HEAT, joto. HEAT ikiongezewa W inakuwa WHEAT, ngano. Mtoto mmoja wa kidato cha pili aliifikisha ngazi hiyo juu kwa zamu mbili, na tangu siku hiyo wenzake wanamwita Ngano.

Nne, ajifunze maneno ya herufi mbili. Orodha ya Collins ina zaidi ya 120, na ndiyo yanayouwezesha mkono mbovu kuendelea kucheza.

Zipo siku hizi programu za simu ambazo ukiziandikia herufi zako zinakutajia maneno yote yaliyomo. Tulilijadili jambo hili kwa kirefu. Kuifungua wakati wa mchezo ni udanganyifu, wala hakuna jina jingine la kuupa. Kuifungua baada ya mchezo, ili uone ni neno gani lilikuwa mikononi mwako ukashindwa kuliona, ni kusoma. Watoto walilielewa upesi kuliko baadhi yetu wakubwa.

Neno halikomei kwenye alama

Sharti la nne la imamu lilitufikia katika wiki ya tano au ya sita. Kijana mmoja mchangamfu alikuwa na Q, na baada ya kusikia habari ya qaf hakuhitaji msaada. Akapanga TALAQ, akapiga mkeka kwa kiganja na kusema kwa sauti: "Kumi na nne!" Wenzake wakacheka. Mtoto mmoja aliyekaa pembeni hakucheka. Aliinama akaanza kuchezea ncha ya mkeka.

Nilimwomba yule kijana atoe maana, kama sharti linavyotaka. Akasema: "Ni kuachana, Ustadhi." Nikamwuliza kuachana ni nini. Hapo alisita. Tukasimamisha mchezo. Nikawaeleza kwa ufupi kwamba talaka ni halali iliyowekewa mipaka, kwamba ina eda na masurufu na haki za watoto, na kwamba wanachuoni wametufundisha kuwa ndoa, talaka na rejea ni mambo yasiyofanyiwa mzaha. Sikumtazama mtoto yule wa pembeni nilipokuwa nikisema. Yule kijana alitazama vigae vyake kwa muda, kisha akasema polepole: "Alama nizihesabu, Ustadhi?" Nikamwambia azihesabu, kwa kuwa ameleta maana. Alizihesabu bila ya kupiga mkeka.

Siku ile nilielewa kwamba sharti lililoonekana jepesi ndilo lililobeba mengine yote. Ulimwengu wa mchezo huu unajua mfano wake. Mwaka 2015 Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble kwa Kifaransa ilhali hazungumzi Kifaransa. Aliihifadhi orodha ya maneno kwa muda wa wiki chache, na akawashinda wenye lugha yao. Ni kipaji kikubwa, nasi tunakistaajabia. Lakini mshindi huyo hakuweza kuzungumza na waliompongeza kwa lugha ya maneno aliyokuwa ameyapanga.

Nasi tusiharakishe kumcheka. Wangapi miongoni mwetu tumehitimu juzuu kadhaa kwa sauti nzuri, na tukiulizwa maana ya aya moja fupi tunayoisoma kila siku katika swala, tunanyamaza? Kisomo kina thawabu zake, na hilo halina shaka. Ila tumeamrishwa pia kuzingatia. Nilipoweka sharti la maana kwenye Kiingereza, watoto wenyewe waliniuliza kwa nini halipo kwenye darasa la asubuhi. Swali hilo limebadilisha darasa la asubuhi. Sasa kila mtoto anapomaliza kisomo chake hueleza maana ya neno moja alilolisoma.

Mwaka huo huo wa 2015, katika mashindano ya dunia ya Kiingereza yaliyofanyika Perth, Australia, aliyeshinda alikuwa Wellington Jighere wa Nigeria, Mwafrika wa kwanza kulitwaa taji hilo. Vijana wa Pakistan nao wamewahi kushinda ubingwa wa dunia wa vijana. Nawatajia watoto habari hizi ili wasidhani kwamba Kiingereza ni nyumba ya watu wengine ambayo wao wanaingia kwa kubisha hodi tu.

Mzazi aanzie wapi?

Ubao wa dukani si wa bei ndogo, na wa kwetu wa pili tuliutengeneza wenyewe. Kata vipande 100 vilivyo sawa kutoka katika maboksi. Andika E 12, A na I tisa tisa, O nane, N, R na T sita sita, D, L, S na U nne nne, G tatu, B, C, F, H, M, P, V, W na Y mbili mbili, J, K, Q, X na Z moja moja, na viwili uviache vitupu. Chora miraba 15 kwa 15 kwenye karatasi ngumu. Weka kamusi karibu, na daftari la kuandikia kila neno jipya pamoja na maana yake ya Kiswahili.

Baada ya hapo mzazi asiondoke. Asiyejua Kiingereza ana kazi kubwa zaidi ya anayekijua, kwa sababu yeye ndiye atakayeuliza kila mara: "Maana yake nini, mwanangu?" Nami nimejifunza maneno mengi kwa kuuliza swali hilo. Fomu ya mwisho ya Kiingereza iliyoletwa msikitini niliijaza mwenyewe. Ilinichukua jioni mbili, na kamusi ilikuwa pembeni yangu.

Ama yule binti, sitaki msomaji afikiri kwamba mchezo umefanya muujiza. Baba yake bado anampeleka tuisheni siku mbili kwa wiki, na bado hesabu za Kiingereza zinamtoa jasho. Lakini alikuja tena kwangu baada ya swala ya isha, akaniomba jina la mwanawe lisifutwe daftarini. "Aliniuliza juzi," alisema, "kama najua kwa nini shamba la marehemu babu yetu haliuzwi. Nikamwambia ni wakfu. Akaniambia, 'Baba, ile ina qaf.'"

Jina lake lipo. Siku tatu kwa wiki naweka alama mbele yake.

Wabillahi tawfiq.